Masanduku Mawili ya Besi

Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha, na upepo wa Kishapu ulikuwa ukipeperusha vumbi na nyuzi nyeupe katika vichochoro vya Mhunze, siku Pantaleo alipolifunua sanduku lake la spika. Sanduku hilo lilikuwa limekaa kimya pembeni mwa sebule kwa miaka kumi na mmoja, likiwa limefunikwa kitambaa na kubebeshwa sufuria. Leo mkewe, Serafina, aliziondoa sufuria mwenyewe.

"Baba Melania," alimwambia, "mwezi ujao tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Sitaki keki. Sitaki kitenge. Nataka unipigie ule wimbo ulionitungia tulipooana, nami niuimbe."

Pantaleo aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshtakiwa barazani.

Zamani, walipokuwa wakiishi Geita, Pantaleo alikuwa mpiga besi wa bendi iliyojulikana machimbo yote. Serafina alikuwa mwimbaji, na mpiga solo alikuwa Nuruddin, rafiki wa Pantaleo wa chanda na pete. Besi ya Pantaleo ilitokea kwenye masanduku mawili yaliyounganishwa na amplifaya moja. La kwanza lilikuwa na spika moja pana kama sinia, lenye mvumo mzito uliotikisa kifua. La pili lilikuwa na spika nne ndogo, lenye sauti kavu iliyoonyesha kila kidole kilipogusa waya. Lakini muziki haukutosha kulisha familia, kwa hiyo siku za kazi Pantaleo alisimamia karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu. Karasha ilinguruma masikioni mwake asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka.

Siku moja, katikati ya onyesho, Pantaleo alipotea. Wenzake walikuwa kwenye kiitikio, yeye bado yumo katika ubeti. Nuruddin alisimamisha muziki, akasema kwenye maikrofoni, "Panta, mwenzetu unapiga wimbo gani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Pantaleo alichomoa waya wa gitaa, akashuka jukwaani, na wiki ileile akahamia Mhunze kwao. Alichukua amplifaya na sanduku kubwa. Nuruddin alibaki na lile la spika nne. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu.

Sasa, kwa ajili ya mkewe, Pantaleo aliwasha mitambo. Alipiga, akapiga tena. Mvumo ulimpanda kutoka sakafuni hadi kifuani, lakini noti hazikujitenga. Zilimfikia zote kwa pamoja kama lori linalopita mbali. Serafina alianza kuimba, naye akampoteza kabla ya mstari wa tatu. Aliliweka gitaa chini, machozi yakimlengalenga.

"Mama Melania, nisamehe. Kuna jambo nimekuficha."

"Sikio la kushoto halisikii kabisa," Serafina alisema kwa upole, "na la kulia linasikia nusu."

Pantaleo alimtazama kwa mshangao. "Nani kakwambia?"

"Miaka yote hii ninaketi kuume kwako, kanisani na mezani. Ulidhani ninapenda upande huo tu?"

Pantaleo alicheka huku akifuta machozi. Serafina akaushika mkono wake. "Nenda kwa Nuruddin. Sanduku lako linakupa mvumo, lake litakupa noti. Na mwambie ukweli, mume wangu. Kuficha maradhi hakujamponya mtu."

Ilimchukua Pantaleo siku nne kujikaza. Hatimaye alifika Kalangalala, mjini Geita, kwenye kibanda ambamo Nuruddin alikuwa akitengeneza redio na spika. Zuhura, mke wa Nuruddin, ndiye aliyemwona kwanza.

"Shemeji Pantaleo! Karibu, jamani! Baba Tabu, njoo uone mgeni!"

Nuruddin alitoka na bisibisi mkononi, mvi zikiwa zimemjaa kidevuni. Walitazamana. Pantaleo aliona kwamba akingoja zaidi, ujasiri utamtoroka.

"Nuru, siku ile sikukosea kwa kiburi wala kwa pombe. Nilikuwa siwasikii. Karasha ilikuwa imeniua masikio, nami niliona aibu kusema."

Bisibisi ilimponyoka Nuruddin. Alikaa juu ya kiti kilichovunjika mgongo, akajishika kichwa.

"Nami nikakucheka mbele za watu," alisema polepole. "Mtu haachi bendi kwa swali moja, hilo nilijua. Nilijua nimekuumiza, ila sikujua wapi. Nikaona haya kukufuata." Kisha akainuka, akamzunguka rafiki yake, akasimama upande wa kulia. "Upande huu ndio unaosikia?"

"Upande huo."

"Basi nisamehe, ndugu yangu."

Walikumbatiana pale mlangoni, Zuhura akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Siku mbili kabla ya jubilei, Nuruddin aliteremka Mhunze na sanduku lake juu ya pikapu. Kwanza alipima nyaya za masanduku yote kwa mita, asije akaichosha amplifaya. Zilipatana. Wakalilaza kubwa chini, dogo juu yake usawa wa sikio la Pantaleo, wakaunganisha. Pantaleo akapiga noti moja.

Besi ikafa. Badala ya kuongezeka, ilinyong'onyea, ikalia kama debe tupu.

"Hilo lako limeoza," Nuruddin alisema.

"Langu lilivuma vizuri juzi! Lako ndilo lililokuja na mkosi."

Serafina alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mmeanza?"

Wote wawili wakarudi kwenye masanduku. Pantaleo, kwa kuwa hakuyaamini masikio yake, alitumia viganja. Alimwomba Nuruddin aguse nyaya za kila sanduku kwa betri ya redio, naye akaweka kiganja juu ya spika. Spika ndogo zilimsukuma. Spika kubwa ilikimbia kiganja, ikaingia ndani.

"Nuru! Hizi zinatoka, hii inaingia!"

Nuruddin alifungua mgongo wa sanduku kubwa. "Nani alichomelea nyaya hizi?"

"Mimi, lilipoanguka wakati wa kuhama."

"Umezigeuza. Likiwa peke yake kosa halionekani. Yakiwa mawili, moja linasukuma na jingine linavuta, yanaumana." Akamtazama mwenzake. "Mimi ningekesha hapa nikisikiliza tu. Mkono wako umeona upesi."

"Nduhu tabu," alisema Pantaleo kwa Kisukuma, yaani hakuna shida, akitabasamu kama mtoto.

Nyaya zikageuzwa. Noti iliyofuata ilitetemesha vikombe kabatini, na papo hapo Pantaleo akausikia mguso wa kidole chake mwenyewe, safi kama tone la maji katika mtungi. Alifumba macho. Hakuna aliyemharakisha.

Mchana wa jubilei, baada ya misa, uwanja wa nyumba ulifurika ndugu na majirani. Nuruddin alishika solo upande wa kulia wa rafiki yake. Serafina, katika gauni la rangi ya maziwa, alianza kuimba. Mvumo ulimpa Pantaleo mwendo, noti zikamwonyesha njia. Kwenye ubeti wa pili alisitasita kidogo. Nuruddin akampa ishara kwa kichwa, naye akarudi mahali pake bila mtu kugundua. Serafina alisogea hadi karibu na sikio lake la kulia, akamwimbia yeye peke yake maneno ambayo Pantaleo alimtungia akiwa kijana, naye akayasikia yote. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele alipiga vigelegele hadi akakohoa.

Jua lilipoinama, Nuruddin alifunga gitaa lake tayari kurudi Geita. Pantaleo alianza kulishusha sanduku dogo, lakini mwenzake akamzuia mkono.

"Liache lilipo. Likirudi kwangu litakuwa kabati la bisibisi tu. Mimi nitakuwa nalifuata huku kila mwezi, tupige."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyekuwa na mvumo hakuwa na noti, aliyekuwa na masikio hakuona kosa ambalo kiganja cha kiziwi kililiona. Hakika, mkono mmoja hauchinji ng'ombe.