Sauti ya Bi Mchanga na Wanawe Watatu

Sogeeni, wajukuu zangu. Mwenye kukohoa akohoe sasa, kisha tunyamaze, maana humu hadithini mna sauti ya marehemu.

Bi Mchanga alikuwa msusi wa mikeka. Mwanawe Mize alijua kufunga maneno ndani ya simu yasisomeke. Wa pili, Faki, alikuwa mtoaji wa vyeti vya mtandao, vinavyothibitisha ufunguo ni wa nani. Wa tatu, Kombo, alijua njia za kuvukia mpaka. Wa nne, Raya, aliolewa ng'ambo, na mumewe hupekua kila kinachomfikia.

Bi Mchanga alipozidiwa, alijifungia chumbani akarekodi neno la kumwachia Raya.

"Mize, lifunge. Usilisikilize."

"Hata kidogo, mama?"

"Hata kidogo. Kisha ulifute lililo wazi."

Mize akaikata sauti vipande sawasawa, akafunga kila kimoja peke yake. Kutazama, vingine vimefanana: kila mama alipokatika pumzi, kimya kilifungwa kwa sura ile ile. Mgeni angeona pote alipoishiwa pumzi. Mize akalia. Jicho likamwangukia mkeka wa mama, ukili, utepe wa miaa iliyosukwa, umeshonwa kwa ukili mwenziwe. Akafunga upya, kila kipande akikichanganya na kilichofungwa kabla yake. Cha kwanza, kisicho na mtangulizi, akakichanganya na tarakimu za kubahatisha. Pumzi za mama zikajificha.

Lakini ufunguo wa kufungulia utamfikiaje Raya? Ilibidi Raya atengeneze funguo mbili: wa siri abaki nao, wa wazi autume kwa Faki autilie sahihi; kinachofungwa kwa wa wazi hufunguka kwa wa siri tu. Ukaja mmoja wenye jina la Raya. Faki akauliza kwanza, "Tulimzika nani nyuma ya banda la kuku?"

Jibu likaja: "Babu."

"Babu hatukumvunjia heshima hivyo," Faki akasema. "Ni paka. Huyu ni shemeji." Akaukataa.

Kombo akavuka mpaka, akamkuta Raya jikoni, akarudi na ufunguo wake wa kweli na jina la paka. Faki akatia sahihi, Mize akaufunga ufunguo wa sauti kwa huo wa Raya, Kombo akapeleka vyote. Aliporejea, mama keshazikwa.

Raya akaleta salamu: "Mama kamalizia hivi: kati ya walionifikisha, mmoja asikie sauti yangu, mara moja. Kisha uifute. Sasa, ndugu zangu, nitajieni ni nani."

"Niliishika mkononi nikaifuta bila kuisikia," akasema Mize.

"Bila mimi ungemfungia shemeji," akasema Faki.

Kombo akasema, "Mimi sikumzika."

Mize alirithi mkeka ambao haujakwisha, Faki sindano ya kushonea, Kombo sufuria ya rangi. Sauti haina mrithi. Raya bado anangoja jina.

Je, wewe ungemtajia la nani?