Kitako Kilichotundikwa Getini

Mmesikia watu wakisema, "Chuma cha kwenu kina mlango wa kurudia," nanyi mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianzia hapa hapa Ikonga Juu, wajukuu zangu, na mimi nilikuwepo.

Zahanati yetu haikuwa na umeme. Muuguzi Esteria Haule alizalisha akina mama kwa tochi aliyoibana kwa meno. Ndipo tukapata mtambo wa upepo, na nguzo yake ikatoka kiwanda cha bondeni, kinachoyeyusha mawe ya chuma ya milima hii hii. Tuliisimamisha kwa sala. Mvua za kupandia hazijakatika, kitako chake kikapasuka, nguzo ikainama kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Tukawahi kuishusha.

Mwenyekiti Mtweve akasema chuma chetu ni cha majembe tu, tuagize nguzo ng'ambo kama wenzetu wa kijiji cha pili. Wengi wakakubali. Esteria akakataa. Ya wenzetu, alisema, ilipinda mwaka jana. Aliyeitengeneza hawamjui hata jina, na mpaka leo wanangoja meli iwaletee nyingine. Tukamsikiliza yeye.

Desturi ya wahunzi wetu mnaijua. Jembe likivunjika kabla ya palizi, unalitundika mlangoni kwa mhunzi, naye hauzi jingine mpaka akufulie jipya. Basi tukakifungua kile kitako, tukakipakia kwenye trekta la parokia, tukakitundika kwa mnyororo kwenye geti la kiwanda. Ndani, malori yalikuwa yamepakia nguzo za watu wengine, tayari kutoka.

Meneja Kayombo akaja. "Mama, mmenitundikia nini?"

"Jembe lako, baba," Esteria akamjibu. "Limevunjika kabla ya palizi."

"Hiki ni kiwanda. Leteni malalamiko ofisini, yatashughulikiwa."

"Babu yako alikuwa mhunzi, au tumekosea ukoo?"

Kayombo akapitisha kidole kwenye ufa. Nyuma yake malori yalikuwa yakinguruma.

"Alikuwa mhunzi," akasema. Kisha akamgeukia mlinzi. "Waambie wazime magari. Hakuna nguzo inayotoka."

Walipozikagua, wakakuta uchomeleaji uliharakishwa, na nyingine mbili zina ufa kama ule. Zingeangukia watu. Yetu wakaitengenezea kitako kinene zaidi, na Kayombo mwenyewe akaja kukifunga, akala ugali kwangu. Mtweve akamwambia, "Safari hii kikipasuka tunakutundika wewe." Kayombo akacheka, lakini akarudi kuzikaza bolti upya.

Bwana ni mwema. Mtoto wa kwanza kuzaliwa chini ya taa ile alikuwa mjukuu wa Mtweve, na Esteria alimpokea kwa mikono miwili, mdomo wake ukiwa huru kumshukuru Mungu.

Hatukusema chuma chetu hakipasuki. Kilipasuka, macho yangu yaliona. Lakini tulijua pa kukipeleka, na aliyekifua hakuwa na pa kukimbilia. Basi mkiwasikia watu wakisema chuma cha kwenu kina mlango wa kurudia, mjue mlango wenyewe ni lile geti.