Mikono Miwili ya Kulia

Kamba ya kisima ni nyuzi tu zilizosokotwa, nalo jiwe ni jiwe. Lakini kamba ikipita pale pale kila siku, ukingo wa jiwe huchimbika mfereji. Wahenga waliliona hilo wakasema: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Fundi mmoja wa cherehani alilijua kwa uchungu, maana jiwe lenyewe lilikuwa kifuani mwake.

Walimwita Pilipili, na hawakumsingizia. Mshono ukienda upogo, alifoka hadi wateja wa duka la jirani wakachungulia. Wasaidizi watatu walishamkimbia. Aliyebaki ni wifi yake, mke wa kaka yake, naye alikuwa amesema wazi: "Wifi, nakupenda. Ila ukinitukana tena mbele ya watu, nachukua mkasi wangu naondoka, na kwangu usitie mguu."

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa Mkristo wa Jumapili mwenye ulimi wa kipagani kuanzia Jumatatu. Akaapa kuimaliza Biblia nzima kwa wiki mbili. Aliivamia kama mwenye njaa. Siku ya nne akasinzia juu yake.

"Umefika wapi?" wifi akauliza.

"Kwa watu waliozaana. Hata sijui tena nani baba wa nani!"

"Wee! Gauni unalishona kwa pigo moja la sindano? Chukua mstari mmoja, utafune."

Tangu hapo, kila asubuhi, Pilipili aliandika mstari mmoja kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Aliusoma akipima, akaurudia akipiga pasi, hadi vitambaa vikaufuta. Miezi saba ikapita, na bado alifoka, ila kwa wifi alingoja wateja waondoke. Mwenyewe alianza kuona anatwanga maji kwenye kinu.

Ikafika Ijumaa, harusi ni kesho. Bibi harusi ameketi akingoja kujaribu gauni. Wifi akashika mikono ya gauni aliyoikata, akaipachika mabegani, kisha akaganda kama sanamu. Alikuwa amesahau kukunja kitambaa kabla ya kukata. Mikono yote miwili ilikuwa ya kulia, na kitambaa kile kina uso na mgongo, hakigeuziki. Hakikusalia hata cha kushonea kola.

Wifi akaweka mkono juu ya mkasi wake.

Pilipili alihisi damu ikimpanda kichwani. Akafungua kinywa. Matusi yalikuja mbio kama kawaida yake, yakakuta mlango umejaa: mstari wa jibu la upole, mstari wa ulimi uwashao msitu, mstari wa kuchukuliana mizigo. Hakuiita. Ilikuja yenyewe.

"Mimi," alisema, "nilimkatia mzee wa kanisa suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Lete chaki, wifi. Mikono hii ni mirefu. Humu ndani mna mikono mifupi miwili, wa kulia na wa kushoto."

"Mifupi?" bibi harusi akadakia. "Afadhali! Na joto hili mngenichemsha."

Wifi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Hunitukani?"

"Nilitaka. Nimelitafuta tusi, sikulipata."

Wakainama mezani, bega kwa bega, wakaanza kupima upya. Neno dogo lililopita moyoni kila siku lilikuwa limefanya kazi yake: papo kwa papo, kamba hukata jiwe.