Propela Iliyochafua Kromu

Wapendwa, katika wilaya moja ya milimani, kule ambako kiazi ukikisahau kwenye mfuko wa koti kinaota, palikuwa na mstaafu mmoja. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuandika orodha ya vitu vya serikali: viti vilivyopo, makabati yaliyopo, na ndoo zinazosemekana zipo. Alipostaafu aliagwa kwa keki na hotuba tatu, akarudi nyumbani na afya njema na hamu moja tu moyoni. Alitaka gari.

Si gari lolote. Alitaka lile la zamani la kupandia milima, la bati nene na pembe za mraba, ambalo enzi za utoto wake bwana shamba akipita nalo hata mbwa walisahau kubweka. Akalipata moja nyuma ya ghala la mbolea, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Akalivuta hadi gereji ya mjini, akamwambia fundi, "Nijengee upya. Nataka mtu akiliona aseme, hili limetoka vitani."

Fundi alilijenga kwa miaka miwili. Akalipaka rangi ya kijani, kijani cha jani la mgomba lililotoka kunyeshewa. Akaweka ngao mbele, taa saba juu ya paa, madumu mawili ya akiba, sepetu ubavuni, na bomba la kuvutia hewa lililosimama kando ya kioo kama shingo ya korongo, ili gari livuke mto bila injini kunywa maji. Na kule chini, ekseli na vifuniko vyake vyote akavichovya kromu, vikang'aa hata ukiinama unajiona uso.

Siku ya kukabidhiwa, Mstaafu aliinama akajiona uso. Katikati ya uso ule palikuwa na matone ya grisi.

"Fundi, nini hii?"

"Propela ya mbele hiyo, mzee."

Propela, kwa sisi tusiokuwa mafundi, ni kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Magari ya mlimani yana mbili, ya nyuma na ya mbele.

"Ikizunguka inarusha grisi," fundi akaendelea. "Ndiyo tabia yake."

"Inanichafulia kromu."

"Itachafua tu. Dawa yake ni kuing'oa. Lakini ukiing'oa, magurudumu ya mbele hayavuti tena. Kwani unapanga kupita matopeni?"

Mstaafu akamtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo anapanga kulima na suti. "Nipite matopeni na rangi hii?"

"Basi niing'oe?"

"Ing'oe. Ila kile kijiti cha kuingiza magurudumu yote kiache palepale, kinapendeza. Na hiyo sepetu ichomelee, isinigongegonge njiani."

Propela ikang'olewa, ikalazwa kwenye kona ya gereji. Kijiti kikabaki, na kitufe chake chekundu kichwani.

Sasa, kamati ya maafa ya wilaya ile ilikuwa na fomu ya kukagua magari ya watu binafsi yanayoweza kusaidia siku ya shida. Na fomu, kama mjuavyo, haijawahi kukwama matopeni. Wakaja wajumbe watatu na kalamu moja. Je, gari lina kijiti cha kuvuta magurudumu yote? Lina. Lina sepetu? Lina. Lina bomba la hewa? Lina, tena zuri. Kipengele cha mwisho kilidai jaribio la kupanda mlima "au mahali panapofanana na mlima." Wajumbe wakatazamana, wakatazama saa, wakakubaliana kwamba tuta la kupunguza mwendo lililokuwa mbele ya ofisi linafanana vya kutosha. Gari likapanda tuta, likashuka tuta. Muhuri ukagongwa. Kwenye kioo kikabandikwa kibandiko cha njano: GARI LA DHARURA, DARAJA LA KWANZA.

Tangu siku hiyo kila sherehe ya wilaya gari lilitangulia. Mstaafu alikaa wima nyuma ya usukani, akipunga mkono. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa orodha, aliamini kilichoandikwa. Miaka ikapita miwili, akasahau kabisa habari za grisi.

Ikaja masika moja ambayo haikuuliza mtu. Mvua ya siku tatu, usiku na mchana. Siku ya nne, saa nne asubuhi, simu ya Mstaafu ikalia. Alikuwa binti yake, aliyeolewa kijiji cha juu, kilomita kumi na nane za kupanda.

"Baba, niko zahanati na mtoto. Nimonia. Wamemwekea hewa ya mtungi, lakini mshale umeshaingia kwenye nyekundu. Nesi anasema itamfikisha saa tisa. Akitolewa ule mpira wa puani, anabadilika rangi."

"Gari la hospitali?"

"Liko juu ya mawe, linasubiri sahihi ya mtu aliyekwenda semina. Wameangalia kwenye orodha yao, wakaona gari lako, daraja la kwanza. Mtungi mwingine uko hospitali ya wilaya, uje nao. Baba, utapanda?"

"Mwanangu," akasema Mstaafu, na sauti yake haikutikisika, "hili gari lilijengwa kwa siku kama ya leo."

Akatoka, akalivua turubai. Mke wake akamkuta anatandika blanketi nyuma.

"Unatandika nini wewe?"

"Mtungi usije ukakwaruza."

"Baba Fulani! Mjukuu wako hana pumzi, na wewe unalivisha bati nguo?"

Blanketi likabaki barazani. Mtungi ukapakiwa hospitalini, wakamsainisha vitabu viwili, akaondoka. Kwenye lami gari lilikwenda kama bwana harusi. Lami ikaisha. Kilomita ya sita, penye kilima cha udongo mwekundu, magurudumu ya nyuma yakaanza kuimba wimbo ambao kila dereva wa milimani anaujua.

Mstaafu hakushtuka. Akashika kile kijiti chenye kitufe chekundu, akakisukuma mbele. Kikaingia kwa mlio mtamu. Akakanyaga mafuta. Ya nyuma yakachimba. Ya mbele yakakaa kimya yakitazama, kama wajumbe kwenye kikao. Akarudisha kijiti, akakiingiza tena. Mlio mtamu uleule. Ndipo, kwenye matope na mvua, akakumbuka matone ya grisi kwenye kromu, na neno moja alilolisema kwa mdomo wake mwenyewe: ing'oe.

Akashuka, akakimbilia sepetu. Ilikuwa imechomelewa. Akaivuta hadi kucha zikatoka damu; sepetu haikugonga hata kidogo, kama alivyoagiza. Akafukua kwa mikono. Saa ikafika saba na nusu, na gari lilikuwa limekalia tumbo.

Hapo likaja kutoka bondeni likinguruma gari jingine, la aina ileile, tumbo moja na la kwake, ila hili lilikosa malezi. Mlango mmoja umefungwa kwa mpira wa tyubu. Rangi yake hata mwenye gari asingeiapia. Dereva alikuwa mama mchuuzi wa viazi, kitenge juu ya sweta, mabuti ya mvua miguuni. Akasimama, akachungulia.

"Shikamoo, baba. Umepaki au umekwama?"

"Marahaba. Nimesimama kidogo."

"Umesimama hadi kwenye ekseli?"

Mstaafu akageuka, akautazama mtungi. Akasema, "Mama, nina mtungi wa hewa. Mjukuu wangu yuko juu. Hewa yake inaisha saa tisa."

Yule mama akashuka. Wakaubeba mtungi pamoja, wakaulaza kwenye magunia matupu, na Mstaafu akapanda nyuma akaukumbatia. Mama akaingiza kijiti chake, kisicho na kitufe, kipande cha chuma kilichofungwa kitambaa. Magurudumu ya mbele yakauma udongo, yakavuta. Gari likapanda kilima kile likilalamika njia nzima, lakini likipanda. Daraja dogo maji yalipita juu yake; wakapita ndani ya maji. Saa tisa kasoro dakika kumi wakafika zahanati. Nesi akahamisha mpira kwenye mtungi mpya, na midomo ya mtoto iliyokuwa rangi ya majivu ikaanza kurudia rangi yake, polepole, mpaka akapata nguvu ya kulia. Babu yake alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia kwaya ikiimba vile.

Alipotoka nje alimkuta yule mama anakunywa chai ya nesi, amekalia ngazi.

"Mama, gari lako limezidiwa na uzee, uchakavu na kila kitu. Linavutaje namna ile?"

"Halikuwa linavuta, baba. Propela ya mbele ilikatika, msimu mzima nikapoteza viazi shambani. Kisha fundi wa mjini akaniambia, kuna mzee mmoja kaing'oa ya kwake, nzima kabisa, eti inamchafulia kromu." Akacheka hadi chai ikamwagika. "Nikampa fundi gunia la viazi, akanifungia. Huyo mzee simjui. Ningemjua ningemshukuru."

Mstaafu angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini akasema, "Ulimpakia nyuma, mama. Juu ya magunia yako."

Yule mama akamtazama, matope toka utosini hadi viatuni. Hakucheka tena. Akasema, "Basi usijisikitikie, baba. Gari lako limefika. Iliyokwama kule chini ni rangi."

Na ili msije mkadhani ofisi ilisahau: wiki mbili baadaye Mstaafu alipokea barua ya kamati ikilipongeza gari lake kwa kufika eneo la tukio kwa wakati. Waliambatanisha kibandiko kipya. Aliirudisha barua na kibandiko chake, na cha zamani akakibandua kwa kisu.

Ndugu zangu, nani hapa hana kijiti chenye kitufe chekundu? Tumebatizwa, na vyeti viko kabatini. Tuna sare za kwaya, tuna kamati ya maafa, tuna kamati ya kusimamia kamati. Siku ya sherehe tunapanda kila tuta. Sijasema rangi ni dhambi. Mimi mwenyewe nimepiga viatu kiwi asubuhi hii, na mmeviona. Ninauliza kilichoko chini. Kumwosha mgonjwa kunachafua. Kusamehe kunarusha grisi hadi kwenye jina lako zuri. Kumpokea binti aliyefukuzwa kwao kunaacha madoa ambayo majirani watayahesabu. Basi siku moja, bila kelele, tulimwambia fundi: ing'oe, ila kijiti kiache. Na tangu hapo tunakisukuma, kinaingia kwa mlio mtamu, tunadhani tunavuta.

Lakini sikilizeni habari njema, kwa maana sikuwaita hapa kuwatia huzuni. Ile propela haikutupwa. Neema ambayo wewe uliiona uchafu, Mungu amemfungia mtu unayempita barabarani bila kumsalimia, na leo hii inapandisha viazi, inapandisha mitungi, inapandisha hata wajukuu zako. Siku utakapokwama atakupakia. Lakini je, tutangoja tukwame? Fundi yupo, gereji haijafungwa, na chuma chenyewe bado kinatengenezwa. Kinachotakiwa ni mtu kukubali kuchafuka.

Mawingu mnayaona madirishani. Kwa kawaida hapa ningesema tusimame tuimbe. Leo tusisimame kwanza. Leo kila mmoja ainame, atazame chini ya gari lake.