Mguu wa Mafuta

Mguu wa mafuta haushiki maji. Mmemsikia mama yenu asubuhi akimwambia jirani anayejisifia mfungo wake, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Haya, endeleeni kuchambua mchele, masikio yawe kwangu. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Lusangwa palikuwa na fundi cherehani, Mzee Longino, mwenyekiti wa walei, yaani waumini wasio mapadri. Sala zake zilikuwa ndefu kuliko za padri, na akikohoa kanisani watu walidhani ni sehemu ya misa. Ila jambo moja lilimnyima raha. Kila Alhamisi Kuu padri huwaosha miguu watu kumi na wawili, kama Bwana Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, na kwa miaka kumi na mmoja Longino hakuwahi kuwa mmojawapo. Mwaka ule padri huyo, paroko wetu, akamwachia yeye orodha. Jina la kwanza akaandika lake. Katekista alipolitaja la Mzee Damasi, mfyatua matofali, akaliandika, akalitazama, akalikata.

"Yule miguu yake ni udongo mtupu," alisema. "Ataitia parokia aibu."

Siku tatu Longino hakugusa cherehani. Alisugua visigino kwa jiwe, akaloweka nyayo kwenye maji ya moto na limao, kisha akazipaka mafuta ya nazi asubuhi, mchana na jioni, mpaka nzi akitua anateleza.

Alhamisi ikafika na mvua ya masika. Njia yote tope. Longino akaivalisha miguu yake mifuko ya nailoni, akajipakia kwenye toroli, akamwita mkewe.

"Mama Gaudensia, nisukume."

"Nikusukume kama gunia la mpunga?"

"Kama mtume."

"Mitume walitembea kwa miguu, Baba Gaudensia."

"Kwao hakukuwa na tope hili!"

Mkewe akamsukuma, naye akapita miguu juu, suti nyeupe aliyojishonea ikimeremeta. Watu walimwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo," naye aliitikia, "Milele amina," kama askofu aliyekuja kutoa kipaimara.

Kanisani, viti kumi na viwili vilipangwa mbele, na kimoja kikabaki kitupu. Mwenyewe alishikwa na homa. Paroko akatupa macho mpaka benchi la nyuma kabisa. Damasi alikuwa pale, katoka moja kwa moja kwenye shimo lake la udongo, miguu kaificha uvunguni.

"Mzee Damasi, njoo ukae hapa."

"Baba, sijanawa."

"Maji ninayo."

Damasi akaja, akiacha nyayo nyekundu sakafuni, akaketi ubavuni kwa Longino. Longino akasogeza kiti chake.

Padri alipomfikia Damasi, maji ya kwanza yalishuka mekundu kama mchuzi wa nyanya. Akasugua, akaomba birika la pili.

"Acha, Baba," Damasi alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Utamaliza maji."

"Kisima cha misheni hakijakauka, mzee wangu."

Kwaya ilimaliza wimbo, ikaurudia toka ubeti wa kwanza. Mwishowe kikatokea kisigino ambacho Damasi mwenyewe alikuwa hajakiona tangu kupanda mahindi.

Ikawa zamu ya Longino. Akaunyosha mguu taratibu, watu wauone vizuri. Padri akamimina. Maji yakabingirika kama juu ya jani la gimbi, yasiache hata tone. Padri akakamata kisigino. Mguu ukamchomoka mkononi kama kambale, ukalipiga beseni teke, na tope lote la Damasi likaruka juu, likatua kwenye suti nyeupe.

Kanisa lilivunjika kwa kicheko. Padri aliuma taulo. Alipopata pumzi aliuliza kwa sauti ndogo, "Mzee Longino, mguu huu umekuja kuoshwa au kuonyeshwa?"

Longino akaikunja miguu yake chini ya kiti.

Nyumbani alianza kulalamika. "Padri hakunishika vizuri."

"Mguu wa mafuta haushiki maji, Baba Gaudensia," alijibu mkewe, na akaenda kufua suti.

Maneno hayo yalimkosesha raha Longino Ijumaa Kuu nzima. Jumamosi asubuhi akatoka kwa miguu mpaka shimoni kwa Damasi, akamkuta anakanyaga udongo.

"Mzee mwenzangu, jina lako nililikata mimi."

"Najua. Katekista aliniambia."

"Na hukukasirika?"

"Nilikasirika sana! Matofali mia mbili nimeyakanyagia udongo nikikuwazia wewe. Yametoka magumu kweli." Damasi akafuta jasho. "Nilikwenda kanisani na tope hilo, na hasira hiyo. Padri aliponiosha, vyote viwili vikaenda na maji."

Longino akatazama nyayo zake, bado laini kama za mtoto mchanga. Yeye alikwenda na nini cha kuoshwa? Kiburi chake chote alikuwa amekipaka mafuta, kikarudi nyumbani kama kilivyokwenda. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia shimoni.

"Nisamehe," alisema.

"Kanyaga kwanza," alijibu Damasi. "Huku hakujalainika."

Siku ya Pasaka watu walisubiri ile sala yake ndefu. Longino akapiga magoti, kucha zimejaa udongo, akasema maneno matatu tu: "Bwana, nioshe nami." Akaketi. Wazee waliokuwa wakijiandaa kusinzia walishtuka.

Ndiyo maana, wanangu, mtu akijipamba mbele ya Mungu kana kwamba hana cha kusafishwa, Lusangwa tunamwambia: mguu wa mafuta haushiki maji.