Kwaheri Milioni Moja za Kindi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na mafiga na vyungu kama sisi, Kindi aliishi peke yake katika mkuyu. Ndugu zake walihamia ng'ambo ya mto mwaka wa njaa. Yeye alibaki, maana mti ule aliupanda bibi yake.

Siku moja, akiwa anapika chini ya mti, akasikia gu, gu, gu. Tembo huyo.

"Karibu, Bwana Mkubwa. Nimebandika maharagwe sasa hivi."

"Sikufuata maharagwe. Nataka kuuangusha huu mti nile matunda ya juu."

Kindi akasema, "Anayehama huachwa kwanza aage."

"Umuage nani? Huna hata jirani."

Neno lile lilimchoma. "Basi nitauaga mti. Niache niseme kwaheri milioni moja, kisha usukume."

Tembo alijua hesabu mpaka mia, idadi ya ukoo wao. Milioni akadhani ni mia iliyonenepa kidogo.

"Sema hata mbili," akacheka, akapiga mguu chini, puu. Na tembo akishapiga mguu, neno lake halirudi.

"Kwaheri ya kwanza. Kwaheri ya pili. Kwaheri ya tatu..."

Tembo akasinzia. Alipoamka, maharagwe yalikuwa yameiva.

"Umemaliza?"

"Nimefika elfu moja."

"Bado ngapi?"

"Chungu hiki kimeiva mara moja. Milioni inataka kiive mara elfu."

"Mara elfu ndiyo nini?"

"Nipike asubuhi, mchana na jioni. Mahindi yapandwe, yavunwe, yaliwe, ghalani wabaki panya tu. Masika ikaribie kurudi, mimi bado napika."

Tembo akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Umenifunga, kadogo wewe."

"Umejifunga. Lakini kaa basi, tule. Maharagwe ni mengi."

"Mwenye njaa kama yangu hakai."

Akaenda zake, gu, gu, gu, mpaka ardhi ikanyamaza.

Kindi akapakua. Sahani ya pili akairudisha kichanjani. Alipokwisha kula, akauegemea mti wa bibi yake.

"Kwaheri ya elfu moja na moja," akasema polepole, ingawa hakuna aliyekuwa akimsubiri amalize.

Ukitajiwa hesabu kubwa, ipime kwanza kwa chungu cha kwenu, ndipo upige mguu.