Helena na Tanuri la Mlandege

Mwaka wa sabini na nne, baridi ya Juni iliingia Iringa kwa kishindo, hata majogoo wa mtaa wa Kihesa wakawa wanawika wakiwa wamejifunika mabawa, sauti zikitoka kama za watu wenye mafua. Katika baridi hiyo aliishi mjane aitwaye Leokadia pamoja na bintiye wa pekee, Helena. Huyu Helena alikuwa mwanamwali wa miaka ishirini na ushei, mrefu, mwenye mikono imara kama mpini wa jembe. Akili yake, hata hivyo, ilikuwa nzito kushika mambo. Ukimwambia mawili kwa pamoja, lilibaki moja, nalo lilibaki kwa masharti.

Leokadia alimpenda kama mboni ya jicho, na mapenzi hayo yalivuka mpaka. Alimfunga viatu, alimmenyea viazi, alimpulizia hata uji uliokwisha ganda. Wazushi wa Kihesa walisema kwamba Helena akipiga chafya, mama yake ndiye anayejifuta pua. Lakini magoti ya Leokadia yalikuwa yameanza kulalamika, na swali moja lilimtafuna kama mchwa atafunavyo mbao: "Nikifumba macho, huyu atakula nini?"

Kwa sababu ya swali hilo alimpeleka Mlandege, kwenye banda ambalo wazazi wachache walilijenga ili vijana wenye uzito wa kujifunza wapate ufundi. Mwalimu wao, Gideoni, alikuwa mwokaji mikate, mtu wa maneno machache na kitambi kikubwa. Alifundisha kazi kinyumenyume. Mwanafunzi hakuanza na kupima unga. Alianza na kutoa tanurini mkate ulioiva. Akishalijua hilo, alirudishwa hatua moja nyuma, kuuingiza. Kisha kuukanda, mpaka aufikie unga wenyewe.

"Mwalimu, mbona unaanzia mkiani?" Leokadia aliuliza.

"Mama Helena, nikianzia kichwani, mtu wangu anachoka kabla hajauona mkate. Nikianzia hapa, kila siku anamaliza kazi. Anayemaliza, kesho anarudi."

"Lakini mkiani ndiko kwenye moto!"

"Ndiko na mkate uliko."

Leokadia hakushawishika. Kila asubuhi alifuatana na binti yake, akajiketisha kando ya tanuri kama askari wa benki. Helena akishika ule ubao wa mpini mrefu wa kutolea mikate, mama alimpokonya. "Lete, mwanangu, moto utakula vidole." Mama alitoa mikate, Helena akapiga makofi. Wenzake walisonga mbele. Selestini, kijana ambaye hesabu zake ziliishia tatu, alikuwa amekwisha fika kwenye kukanda. Helena alihitimu makofi tu. Gideoni alisihi mpaka ulimi ukamkauka, na kumfukuza mama wa watu akaona haya.

Siku ya siku, Himmat, mwenye duka la mikate mjini, alikuja kutafuta wafanyakazi wawili. Safari hii Gideoni alijikaza akamwomba Leokadia asubiri nje.

"Haya, binti, toa mikate," alisema Himmat.

Helena aliutazama ubao, akautazama mlango. "Mama! Mama, mkate!" Hakugusa kitu. Moshi ulianza kufuka, na Gideoni alipookoa mabati ya kuokea, mikate ilikuwa myeusi kama masizi ya chungu.

Himmat alitoka nje akamkuta mama. "Mama, nikimchukua huyu itabidi nikuchukue na wewe," alisema kwa upole. "Na wewe, samahani, umri umekwenda." Akaondoka na Selestini peke yake.

Leokadia alilia njia nzima mpaka Kihesa. Walioshuhudia wanaapa kwamba mtaro wa barabara ulifurika, na kiangazi kilikuwa kimekolea! Helena, ambaye hakulia hata kidogo, alimfuata akimpangusa kwa ncha ya kanga.

"Mama, nani kakupiga?"

Swali hilo lilimchoma kuliko tanuri. Kesho yake alimkabidhi Helena kwa mdogo wake mwenyewe, awe anampeleka kwa Gideoni kila asubuhi, akapanda basi kwenda Mbeya, kwa kaka yake Jailos aliyekaa Iyunga. Alijijua: akibaki Iringa, miguu ingempeleka Mlandege bila ruhusa yake.

"Dada, umekuja kututembelea au kulinda barabara?" Jailos alimtania, kila alipomkuta anayakodolea macho magari ya kutoka Iringa.

"Nimekuja kufungwa, kaka. Nikilia, usinifungulie."

Alikaa huko mpaka mvua za kwanza. Siku aliyorudi alishukia Mlandege moja kwa moja, na kumbe Gideoni alikuwa amemwita Himmat aje kutazama tena.

"Kamwene, Mama Helena," Gideoni alimsalimu, akiuziba mlango kwa kitambi chake. "Karibu. Lakini ukaribie hapo hapo."

Kutoka mlangoni alimwona binti yake ameshika ubao. Mkononi palikuwa na makovu ambayo Leokadia hakuyaacha alipoondoka. Helena alitoa bati la kwanza, akatoa la pili. Lililofuata lilimgusa kiganja. Akapiga yowe, machozi yakamtiririka.

Leokadia aliruka. Kisha akaishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, akaing'ata kanga. Hakuna aliyesogea. Helena aliutumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, na huku analia, akaurudia ubao. Akatoa, akalia, akatoa tena, mpaka tanuri likabaki tupu.

"Nimemaliza," alisema, akipenga kamasi.

Himmat aliumega mkate, akatafuna taratibu hadi watu wakataka kumpiga. "Jumatatu alfajiri uanze kazi," alisema. "Mama abaki nyumbani."

Helena akacheka, mashavu bado mabichi kwa machozi. Leokadia naye siku hiyo akaelewa walichomaanisha wahenga waliponena: mchelea mwana kulia, hulia yeye.